Udi wa Gari la Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa kiasi katika kila jambo isipokuwa gari. Alikula kidogo, alisema kidogo, kanzu zake alizivaa mpaka shingo zikalainika, na katika idara ya serikali alikofanya kazi alijulikana kwa kuzima taa za vyumba ambavyo watu hawajamaliza kutoka. Mtu huyo huyo, katika ujana wake, alinunua kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa akirudi kwao gari la milango miwili, injini ya silinda nane, boneti refu kupita kiasi, rangi ya chungwa lililoiva. Lilitengenezwa kwa ajili ya vijana wa huko kushindania barabarani. Baba alilitumia kwendea kazini, msikitini na kuwatazama wagonjwa. Aliliendesha taratibu, mikono miwili juu ya usukani, kilemba kimenyooka, na nyuma yake msururu wa watu wenye haraka wakimpigia honi. Ukimwambia, "Baba, gari hili linakwenda," hujibu, "Najua. Ndiyo maana sina haja ya kulijaribu."

Sisi ni katika familia zilizokuja Oman kutoka Unguja, tukakaa Ibra, mji ambao babu zetu waliuacha zamani na ambao ulituchukua muda kuuzoea. Nje tulisema Kiarabu, tena kile cha kuchekwa. Kiswahili kilikuwa cha ndani ya nyumba na ndani ya gari. Ukishafunga mlango wa gari la baba umeshafika kwenu, hata kama liko mbele ya ofisi ya serikali.

Lakini kitu ninachokikumbuka kwanza katika gari lile si boneti wala mlio wake. Ni harufu. Ukifungua mlango tu, udi unakupokea. Haukuwa udi wa nyumbani, ule wa vipande vya kununua ambao mama alitufukizia jioni za Alhamisi na siku za wageni. Udi wa gari ulikuwa na utamu wa sukari iliyoungua kidogo, na marashi, na ndani yake kitu kikali kilichokwenda moja kwa moja mpaka kooni. Nilipokua ndipo nilipokitambua: makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Wanawake wa mtaani walimuuliza mama udi ule unatoka wapi, na mama huwaambia wakamuulize mwenye gari. Baba alikuwa na jibu moja kwa kila mtu: "Naupata Sur, kwa Msuri mmoja wa Aija." Hakuna aliyewahi kutajiwa jina la huyo Msuri.

Baba alifariki akiwa kitandani kwake, kimya kimya, kwa namna yake ile ya kutotaka kusumbua watu. Mama akakaa eda. Katika eda mjane hajitii manukato wala hajifukizi, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo chetezo kikaoshwa, kikafungiwa kabatini, na nyumba ikakaa bila harufu. Siku zilipokwisha, jamaa walikuja na marashi, na nguo mpya, na maneno ya kutia moyo. Mama akashukuru, akaziweka zile nguo chini ya kitanda. Mke wangu alipomletea chetezo chenye makaa tayari, alikisukuma kwa vidole.

"Nijifukize kwa ajili ya nani?" alisema.

Eda ya sheria ilikuwa imekwisha, yake yeye ikaendelea. Hakwenda harusini, hakwenda hata kwa dada yake ambaye nyumba yake inaonekana kutoka dirishani kwetu. Macho nayo yalikuwa yakimwishia. Alikuwa akiona mwanga na vivuli, na rangi zile kali. Daktari alitoa dawa ya matone na kusema tusitarajie mengi. Mimi nilikuwa na hofu moja, na niliibeba kila nilipoingia chumbani mwake kumwamkia: kwamba mama yangu ataketi juu ya kitanda kile, uso umeelekea ukutani, mpaka na yeye aondoke.

Mchana mmoja kijana wa jirani alipita na gari lake akilipigisha kelele. Mama akainua kichwa.

"Gari la babaako bado lipo?"

"Lipo, mama. Limelala bandani."

"Likiamka, nambie. N'takwenda nalo Sur."

Hayo tu. Lakini yalikuwa maneno ya kwanza yenye kesho ndani yake tangu tumzike baba. Lazima nieleze kwa nini Sur. Mama alizaliwa mahali ambapo bahari inasikika kitandani, na Ibra ni milima, mitende na vumbi. Kwa hiyo kila joto lilipopungua, baba humpakia katika gari la chungwa, wakenda Aija, ng'ambo ya hori la Sur. Mama hukaa karibu na mnara wa taa akitazama maji, baba huingia vichochoroni kununua papa mkavu. Jioni hurudi, mama macho yamemng'aa, buti limejaa papa, na wiki nzima tunakula mchuzi wa papa na wali. Mama alikuwa akimsifu mbele ya watu kwamba hakuna mwanamume wa Ibra anayejua kuchagua papa kama mumewe.

Nikaamua gari litaamka.

Nilipolivua turubai nilitaka kulirudishia. Matairi yalikuwa yamekaa chini, kutu ilikuwa imeshika milango kwa chini, na panya walikuwa wamehamia ndani na ukoo wao wote. Walikuwa wametafuna viti mpaka kwenye springi, na kitambaa cha dari kilikuwa kikining'inia vipande vipande. Nilisimama pale nikiwatukana panya kwa lugha mbili.

Fundi nilimpata Nizwa, katika eneo la magereji nje ya mji. Mimi ndiye niliyekwenda, lori likalibeba gari kutoka Ibra huku nikilifuata kwa nyuma kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Fundi alikuwa mwanamume mnene, mcheshi, mwenye maringo yake, mpenzi wa magari ya zamani ya Kimarekani. Mama yake alilelewa Pemba, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili chake cha kuokoteza, na alikitumia kwa furaha bila kujali kinaangukia wapi.

"Gari hii mzuri sana, ya akhi," alisema akilizunguka. "Lakini mgonjwa. Moyo yake mgonjwa, miguu yake mgonjwa. Mimi tafanya yeye bwana arusi."

"Sitaki bwana harusi," nilimwambia. "Nataka liwe vile vile alivyoliacha baba."

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, na ulidumu kazi nzima. Yeye alitaka rimu pana. Mimi nikataka zile zile za chuma, zinyooshwe na kung'arishwa. Yeye alitaka kutoa kabureta atie mfumo mpya wa kompyuta, eti injini iwake kwa kidole. Mimi nikamwambia baba alikuwa akiikanyaga petroli mara mbili, akasema bismillahi, ndipo akawasha, na mama anaijua hesabu hiyo kwa masikio. Kuhusu bomba la moshi nusura tukosane kabisa. Alitia bomba lake la kishindo bila kuniambia, na nilipofika Nizwa kulisikiliza, mbuzi wa watu wakakimbia. Nilipandisha sauti, na yeye akapandisha yake, tukasimama pale na injini inanguruma katikati yetu, hakuna anayemsikia mwenzake. Mwishowe akaizima, akacheka, akaenda kulitafuta bomba la zamani katika chuma chakavu.

Vipuri vilikuja kutoka Amerika, kimoja kimoja, vingine vikiwa sivyo, vikarudishwa. Rangi tuliichanganya mara nyingi mpaka nikaridhika. Nilikuwa na kipande cha kifuniko cha mafuta ambacho jua halikukifikia, nikawa nakishika mkononi na kukilinganisha huku fundi akinung'unika kwamba chungwa ni chungwa. Kila nilichokumbuka nilikidai. Mkwaruzo wa usukani, pale baba alipokuwa akigonga pete yake, sikukubali upigwe msasa. Mlio wa kiashirio. Kile kidude cha taa ya ndani kilichokuwa hakikai mpaka ukikazie kwa karatasi. Fundi aliniuliza kama nilitaka pia awarudishe panya.

Viti sikuvifikiria hata kidogo. Vilikuwa vinanuka panya, sponji imekuwa unga. Nikamwambia fundi wa kushona avitoe vyote pamoja na zulia na dari, avitupe, atie vipya vya rangi ile ile nyeusi, mshono ule ule. Alishona vizuri sana. Nilipokaa nilipapasa mshono mmoja mmoja na sikuona kosa.

Nililiendesha mwenyewe kutoka Nizwa mpaka Ibra, na sitajificha: nilijiona mtu. Malori yalinipisha. Watoto walitoa vichwa madirishani. Nilipokaribia nyumbani nilipunguza mwendo, nikaliingiza uani taratibu, nikalizima. Halafu nikaliwasha upya, kukanyaga mara mbili na bismillahi, ili mama asikie.

Alitoka. Mke wangu alimshika mkono, yeye na fimbo yake, katika buibui la nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama juani baada ya muda mrefu, na nilishtuka jinsi alivyokuwa mdogo.

"Ndo yeye," alisema akisikiliza injini, na akatabasamu. Alilijia gari kwa kiganja, akapitisha mkono juu ya boneti, akashuka na bampa, akafika mlangoni. "Na rangi yake naiona. Chungwa. Alhamdulillahi, rangi naiona."

Nilimfungulia mlango, akakaa mahali pake pa siku zote. Nilizunguka upande wa pili mbio mbio, nikaingia, nikafunga mlango. Nilikuwa nikingoja. Mama alikaa wima, mikono juu ya magoti. Akavuta pumzi. Tabasamu likatoka usoni, na halikurudi.

"Gari zuri, mwanangu," alisema. "Mungu akupe kheri kwa kazi yako. Lakini hili silo la babaako. Hebu nifungulie."

"Mama, ni lile lile! Injini ile ile, rangi ile ile, hata usukani..."

"Nifungulie, baba."

Nikamfungulia. Alirudi ndani kwa fimbo yake, na nikasikia kitanda kikilia alipokikalia. Nilikasirika. Nililizunguka gari lile nikihesabu kwa sauti kila nilichokifanya, nani angelifanya hivyo, mtoto gani wa siku hizi, na mke wangu amesimama kizingitini ananitazama mpaka nilipoishiwa na maneno.

"Umemaliza?" aliuliza. "Hebu tia pua yako mle ndani. Linanuka duka la viatu."

Nikatia pua. Ngozi mpya, gundi, zulia jipya. Baba hakuwamo. Nilikuwa nimemtoa mimi mwenyewe, pamoja na dari na sponji, nikampeleka jalalani Nizwa nikiwa na furaha tele. Nilikaa kwenye kiti kile kizuri nikaona aibu na huzuni pamoja, na sikujua ipi ilitangulia.

Basi nikaanza kuutafuta udi. Sikumwambia mama, nilitaka siku moja afungue mlango aukute. Nilianza Ibra, nikaenda Nizwa, nikapita duka kwa duka sokoni chini ya ngome. Wauzaji walinitolea udi wa Kihindi na udi wa Kambodia, wakauchoma mbele yangu kwenye vijichetezo vyao vya umeme. Uzuri ulikuwa nao, sikatai. Mmoja nilimweleza kwamba ninaoutafuta una sukari na makonyo ya karafuu. Akaniuliza kwa upole kama nakusudia kuupika.

Nilinunua uliokaribia. Mama alipolala usingizi wa adhuhuri, nilitia makaa katika chetezo, nikakiweka sakafuni mwa gari, nikamwaga udi mkono mzima, nikafunga vioo. Nadhani nilizidisha. Gari likajaa moshi mpaka halionekani ndani, na moshi ukaanza kupenya kwenye milango na chini ya boneti. Jirani yetu, Mwomani wa hapa hapa, mtu mwema, aliona juu ya ukuta. Akaja anakimbia na mpira wa kumwagilia mitende, anapiga kelele gari linaungua, na kabla sijamzuia alishafungua mlango. Viti vipya vilipata maji yao ya kwanza.

"Kuna nini huko?" mama aliita kutoka chumbani.

"Hakuna kitu, mama. Naosha gari!"

Jirani alinitazama, akautazama ule moshi, akaondoka na mpira wake. Na harufu ilipotulia, nikaingia kuinusa. Ilikuwa ya hoteli.

Ikabaki Sur. Baba alisema naupata kwa Msuri mmoja wa Aija, basi Msuri huyo au mwanawe lazima awepo. Nikamwambia mama nalipeleka gari kulijaribu, nikashika njia ya mashariki. Upande wa kulia mchanga ulinifuata sehemu kubwa ya safari. Nilifika Sur jua limepanda, nikavuka daraja, nikaingia Aija. Niliuliza kila duka lenye chupa ya manukato dirishani. Hakuna aliyemjua baba, na nilipotaja makonyo walinicheka kwa adabu. Nilirudi garini nikakaa na mlango wazi, sijui nimwambie nini mama, sijui hata kwa nini nilifikiri harufu inaweza kurudishwa.

Mzee mmoja alitoka kwenye duka la samaki wakavu lililokuwa mkabala. Hakunitazama mimi, alitazama gari. Akaja akaligonga kwenye boneti kwa kifundo cha kidole.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Mimi mwanawe. Mwenyewe amefariki, Mungu amrehemu."

Alisoma inna lillahi, akakaa juu ya kreti. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri cha zamani kilichoshika kutu kidogo, maana ujana wake aliufanyia biashara Unguja. "Kumbe. Mimi nikidhani amenikasirikia. Papa wa mara ya mwisho alikuwa na chumvi nyingi. Kila siku nasema, akija n'tamtaka radhi."

Nilimwambia baba hakuwahi kulalamika papa yeyote. Nikamwambia ninachokitafuta: mtu wa Aija aliyekuwa akimuuzia baba udi.

Mzee alinitazama, kisha akaanza kucheka, mabega yakimtikisika.

"Hapa nani wa kumuuzia babaako udi? Yeye ndo aliyekuwa akiuleta! Kila akija kopo moja. Mke wangu aliunusa mara moja tu, akanambia mtu huyu usimchukulie pesa. Mimi nampa papa mzuri kuliko wote, yeye ananipa udi. Harusi za binti zangu zote zimefukizwa kwa udi huo."

Aliingia nyuma ya duka, akarudi na kopo la maziwa ya unga, la zamani, chapa yake imefutika. Kulikuwa na kidogo kimebaki chini, cheusi, kimeshikana. Nilifungua kifuniko. Ulikuwa ndio. Baba alikuwa pale, mikono miwili juu ya usukani, na mimi niko kiti cha nyuma sijafikia kuona nje. Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua, katikati ya jua. Mzee akageuka, akawa anapanga samaki ambao walikuwa wameshapangwa.

"Chukua," alisema. "Ni wa kwenu. Mke wangu nitamweleza. Yeye amekuwa akiutia punje punje akingoja mwingine."

Nilirudi Ibra nikiwa na lile kopo kwenye kiti cha mama. Njia nzima niliwaza baba mwenyewe aliupata wapi udi ule. Niliingia chumbani, nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamwekea kopo mapajani. Alilipapasa. Alijua kopo hilo kabla ya kulifungua, niliona vidole vikisita. Akafungua, akainamisha uso, akakaa hivyo.

"Umelipata wapi?"

"Sur. Kwa muuza papa wa Aija. Anasema baba alikuwa akimpa udi, yeye akimpa papa."

"Akimpa nini?"

"Papa, mama. Papa wote tuliokula, baba hakununua hata mmoja. Alikuwa akibadilisha kwa udi."

Mama alinyanyua uso. Kwanza nilifikiri amekasirika, kisha kitu kikaanzia kifuani kwake, kikapanda, na akacheka. Alicheka mpaka akaishika fimbo, mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa hayafuti.

"Yule babaako! Wallahi yule babaako! Udi huu n'kiupika mimi! Nyinyi mkishakwenda skuli, mimi na sufuria yangu. Bimkubwa mamaangu ndo kanifundisha. N'kamwambia babaako usimwambie mtu, majirani wakijua watanijia kila siku, na kukataa siwezi. Sema unanunua Sur. Na n'kiupika kwa sababu gari lake likinuka papa, mimi siwezi kukaa ndani ya gari linalonuka papa. Kumbe nampa udi wa kuondolea papa, yeye anakwenda kuletea papa mwengine!" Akavuta pumzi. "Anarudi ananambia, mke wangu, kopo limekwisha. Mimi n'nasema gari hili linakula udi kama linavyokula petroli."

"Na ulikuwa ukimsifu kwa kuchagua papa," alisema mke wangu.

"Si ndo hapo!" mama akasema, na wakacheka tena wote wawili. Halafu kwa sauti ya chini, akinielekea mimi, akaongeza, "Na pia, mwanangu, mwanamume kijana na gari kama lile. N'litaka ajulikane ana mwenyewe."

Mama alirudisha kifuniko cha kopo, akakifungua, akakirudisha. Nilimwambia kwamba mzee wa Aija alidhani baba amemkasirikia kwa chumvi. Nikamwambia pia kuhusu mkewe, kwamba amekuwa akiutia udi punje punje akingoja baba alete mwingine.

"Yu hai huyo mke?"

"Yu hai."

"Na muda wote huu anangoja?" Mama alikunja uso, aibu imemshika kana kwamba mgeni yuko sebuleni hajapewa hata maji. "Na wewe umemchukulia hiki kidogo alichobaki nacho? Astaghfirullah. Nyanyuka. Nenda kanunue sukari."

Tuliupika siku iliyofuata. Makonyo alikuwa nayo kabatini, nyuma ya chetezo, kwenye mfuko uliofungwa kwa uzi. Alikuwa nayo muda wote. Alikaa kwenye kiti jikoni, mimi nikashika mwiko. Sukari ilipoyeyuka aliniuliza rangi, nikamwambia ya asali. "Bado," alisema. Nikamwambia sasa inafanana na kahawa. "Bado." Mke wangu alisema inaungua. Mama alikuwa amefumba macho, pua juu. "Sasa. Tia udi wote. Sasa marashi. Koroga, usilale! Makonyo mwisho, yaliyosagwa, na epua." Moshi mtamu ulipanda mpaka darini na nyumba yetu, iliyokuwa haina harufu tangu siku ile ya eda, ikanuka. Jirani alichungulia ukutani. Nikampungia mkono kwamba hakuna moto.

Gari mama alilifukiza mwenyewe. Alitia kidogo tu, vidole viwili, akafunga vioo, akasimama nje mkono wake juu ya kioo mpaka aliporidhika. Kisha akaingia ndani kubadilisha nguo, akachelewa. Alipotoka alikuwa katika buibui la kutokea, na alipopita mbele yangu nikasikia udi kutoka kwenye buibui lile, kutoka kwenye mtandio, kutoka kwenye mikono yake. Alikuwa amejifukiza.

Alikaa mahali pake, akavuta pumzi, akaliweka kopo jipya lililojaa juu ya mapaja na kulikumbatia kwa mikono miwili. Nikakanyaga petroli mara mbili, nikasema bismillahi. Tulipofika barabara kuu ya Sur nilikuwa nikienda kwa mwendo wa baba bila ya kukusudia, na nyuma yetu magari yalianza kupanga msururu na kupiga honi. Nikataka kuongeza kasi.

"Waache wapige," mama alisema. "Hata babaako walikuwa wakimpigia."